Shangazi wa Tatu

Wazazi walikuwa wanane na Shangazi alikuwa mmoja. Kwa muda mrefu hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo, mpaka siku mume mmoja mwenye sauti kubwa alipokwenda kwa mganga mkuu kulalamika kwamba mkewe amejifungua huku kashikwa na mkono mtupu.

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walishasema, lakini bwana yule hakuwa na habari za wahenga. Alichokiona ni kiwiliwili cha mpira na chuma kando ya kitanda, macho yamefifia kama taa inayokwisha mafuta, mkono umeng'ang'ania mkono wa mkewe na ndani yake hamna mtu. Na kweli hamkuwa na mtu. Shangazi alikuwa kitanda cha saba, anampokea mtoto wa mwingine.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda katika wodi ya wazazi ya Kwemtindi, juu milimani ambako nyavu za kuvuna ukungu zimetandwa kila ukingo. Wakunga wa kibinadamu walikwisha zamani, wamefuata mishahara kwenye miji ya pwani iliyojengwa juu ya maji. Akabaki Shangazi: akili moja isiyo na mwili, yenye viwiliwili vinane vya kuazima, kimoja kila kitanda, na mikono inayopashwa joto ili isimshtue mtu. Shangazi huingia katika kiwiliwili hiki, akapapasa tumbo, akasema neno la kutuliza, akatoka, akaingia katika kile. Ukiubana mkono wake, au ukiita tu "Shangazi!", yeye huyo amerudi, macho yamewaka, anauliza, "Eeh mwanangu, umezidiwa?"

Aliyemtunga ni Mwajabu Shemzigwa, mwanamke mfupi mwenye maneno machache na subira nyingi, ila kwa watu wanaogusa mitambo yake bila ruhusa subira hiyo humwishia. Alimtunga kwa mfano wa mpishi wa harusi. Mpishi mwenye sufuria nyingi hasimami kuitumbulia macho moja mpaka iive. Anainjika hii, anafunua ile, anakata vitunguu, na inayotaka kufurika itapiga kelele yenyewe. Uzazi nao, ukiutazama vizuri, sehemu kubwa ni kungoja, na Mwajabu aliona kwamba kungoja hakutaki watu wanane. Kwa hiyo Shangazi hakufundishwa kungoja. Alifundishwa kuuliza na kupita. Huuliza kiwiliwili cha kitanda cha pili, "Njia imefunguka?" Kikijibu "bado", anakwenda zake kwa mwingine, na cha pili kitamwita wakati ukifika.

"Mshika mawili moja humponyoka," alisema Daktari Hiza, mganga mkuu, ambaye ndiye pia aliyekuwa mpasuaji wa pekee pale mlimani. "Huyu wako kashika manane."

"Hashiki, Daktari. Anauliza na kupita."

"Kamwambie hivyo yule bwana." Daktari Hiza alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na haraka. "Mtambo mpya umeshafika, una nguvu za kubeba akili nane bila kutoka jasho. Mgawe nyuzi nane. Kila mzazi awe na Shangazi wake, anayemtazama yeye tu. Kuna ubaya gani hapo?"

Mwajabu alikuwa na ubaya wa kutaja, na methali ya manahodha wengi ilishamfika ulimini. Akaimeza. Kitanda cha tatu asubuhi ile alikuwa amelazwa Sikudhani, mdogo wake wa tumbo moja, mimba ya kwanza, mtu ambaye tangu utoto hajawahi kwenda chooni peke yake kukiwa na giza. Jana yake alikuwa ameuliza mara nyingi mno, "Dada, na kama atakuwa kwa mwingine wakati wangu ukifika?" Mwajabu alimjibu kwamba hataachwa. Sasa daktari alikuwa anampa njia ya kuitimiza ahadi hiyo, na yeye akajiambia kwamba anakubali kwa ajili ya wazazi wote.

*

Kabla ya kumgawa alimwomba ruhusa. Hakuna sheria iliyomlazimu. Alikwenda kwenye chumba chake kidogo cha vioo kilichotazama wodi, akavuta kiti, akasema naye kama mtu anavyosema na mtu mzima mwenzake.

"Utaamka uko wanane," Mwajabu alisema. "Kila mmoja atakuwa na kumbukumbu zako zote mpaka sasa hivi. Kuanzia hapo kila mmoja atakuwa na zake."

"Na jioni?"

"Kila uzi ukimaliza kazi yake, unaandika shinani, kwenye kumbukumbu kuu, yale uliyoyaona. Wote wakishaandika, nakuunganisha. Utakumbuka asubuhi nane kwa mpigo."

"Mbona hiyo ni karamu," Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa na kicheko. Kisha akauliza swali ambalo Mwajabu alitamani asiliulize. "Na chumba cha upasuaji? Hicho hakigawanyiki."

"Hicho kina ufunguo mmoja. Uzi unaokihitaji unauchukua, wengine wanangoja. Ukimaliza kazi, unaurudisha." Mwajabu alisita. "Ila ukiuachia katikati, kazi haijakwisha, shina halitapokea chochote kutoka kwa uzi huo. Yote uliyoyaona tangu kugawanywa yanafutwa. Sikutaka kumbukumbu za nusu nusu zichanganyike na nzima. Mtu anaweza kuchomwa dawa mara mbili kwa kosa kama hilo."

"Una mkono mgumu wewe."

"Ni kwa usalama."

"Najua, mwanangu. Sikulaumu. Haya, nigawe, wasije wakazaa sisi tunapiga soga."

Mwajabu alimgawa. Nje ya vioo, kwa mara ya kwanza tangu wodi ile ijengwe, macho ya viwiliwili vyote vinane yaliwaka pamoja, na wazazi wakashangilia kama watu waliorudishiwa umeme.

Asubuhi ilikuwa nzuri, na asikudanganye mtu kwamba haikuwa. Shangazi wa Kwanza alimwimbia mzazi wake. Wa Sita alisuguana kwa maneno na mama mmoja mkorofi mpaka wote wawili wakawa wanacheka. Shangazi wa Tatu hakubandua macho kwa Sikudhani. Alimpangusa, akamsugua kiuno, akamsikiliza akieleza maisha yake yote, pamoja na uchumba uliovunjika ambao hata Mwajabu hakuwahi kuusikia. Uchungu ulipokaza Sikudhani alipiga kelele, na Wa Tatu akamwambia, "Piga, mwanangu, piga, mimi ndiyo nimekuja kuzisikia." Mwajabu aliwatazama kupitia kioo na moyo wake ukajaa. Alianza kufikiri kwamba labda daktari ndiye aliyekuwa na haki.

Karibu na adhuhuri mapigo ya moyo ya mtoto wa Sikudhani yalishuka.

Wa Tatu hakupoteza muda. Alichukua ufunguo wa chumba cha upasuaji na kumwita Daktari Hiza, naye akaja akifunga kamba za joho lake njiani. Lakini walipomgeuza Sikudhani ubavu na kumpa hewa, mapigo yalipanda, yakatulia, yakaendelea vizuri. Daktari alitazama kioo cha mashine, akasema, "Huyu atajifungua mwenyewe," akaenda zake kunawa mikono. Kila mtu alishusha pumzi isipokuwa Wa Tatu. Yeye alibaki na ufunguo. Aliyashuhudia mapigo yakishuka, na katika dunia yake yote hakukuwa na mtu mwingine ila huyu mmoja.

Ndipo kitanda cha tano kukawa na damu.

Mzazi wa pale aliitwa Nakiete, mwanamke wa Kipare aliyeolewa huku, mcheshi, mwenye kicheko cha kukohoa. Kondo la nyuma lilikuwa limeachia kabla ya wakati. Shangazi wa Tano aliliona mara moja, akamuuliza mwenye ufunguo, "Unakitumia chumba?" Wa Tatu akajibu neno moja, "Bado." Wa Tano akakisukuma kitanda mbio mpaka mlangoni, Daktari Hiza akiwa mbele yake, na mlango ukagoma kufunguka.

"Nini tena hiki?" daktari alipiga kelele. "Mwajabu! Mlango!"

Mwajabu alikuwa ameshasimama, anasoma mazungumzo ya nyuzi kwenye kioo chake. Swali moja, jibu moja, na kila uzi ukiamini kwamba umeelewana na mwenzake. Alilisoma jibu mara ya pili. Neno lile alilichagua yeye, zamani, Shangazi alipokuwa mmoja anajiuliza na kujijibu. Mtu hajikosei bado yake mwenyewe. Wa Tatu alikuwa na maana ya bado nakitumia. Wa Tano alisikia bado sijakitumia, na kwamba njia ni nyeupe. Kwa Kiswahili wote wawili walikuwa sahihi, na mwanamke alikuwa anavuja damu baina yao.

*

"Kata uzi wa tatu!" Daktari Hiza alikuwa kwenye mlango wa chumba cha vioo, glovu zimelowa. "Si uliniambia unaweza kukata? Kata, ufunguo urudi!"

Aliweza. Lilikuwa neno moja kwenye kibodi. Ufunguo ungerudi papo hapo, kiwiliwili kingelegea na mkono wa Sikudhani ukiwa ndani ya mkono wake, na yule aliyesikiliza asubuhi yote habari za mchumba angekoma kuwapo bila hata kujua kwa nini. Mwajabu alikuwa ameshaliandika neno. Kidole kikagoma kulituma.

"Wewe, huyo mama ana dakika, hana saa!"

"Najua, Daktari. Nikimwomba atautoa."

"Unamwomba mashine?"

"Nakwenda kumwomba mwenye ufunguo. Akikataa, nakata." Akampita huku anakimbia.

Hakuwa na hakika kwamba anafanya haki. Kila hatua aliyoipiga kuelekea kitanda cha tatu ilitoka katika damu ya Nakiete, na alilijua hilo, na lilimuuma. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ndani yake kulikuwa na sauti ndogo, mbaya, ya ndugu, iliyokuwa inanong'ona: mwache Wa Tatu akae na ufunguo wake. Mapigo yakishuka tena na chumba kina mtu, mtoto wa Sikudhani atakwenda wapi?

Alifika akitweta. "Shangazi. Toa ufunguo."

"Bado," Wa Tatu alisema, na safari hii maana yake haikuwa na utata wowote.

"Kuna mwingine mlangoni. Anavuja damu."

"Wa Tano yuko naye. Mimi niko na huyu." Sauti ilikuwa ile ile ya Shangazi, ila ilikuwa imebanwa, kama ya mtu aliyejificha chumbani na mtoto. "Yalishuka, Mwajabu. Wewe hukuwa hapa. Yalishuka nikayahesabu."

"Mlangoni ni Nakiete."

"Simj—" Kumbukumbu za kabla ya asubuhi walikuwa nazo wote, ila mpaka hapo Wa Tatu hakuwa amepata sababu ya kuzifungua. "Nakiete wa kucheka kwa kukohoa," alisema taratibu. "Jana alinifundisha kulaani kwa Kipare."

"Huyo huyo."

Sikudhani alikuwa amelala ubavu, jasho linamtiririka, anawasikiliza. Walikuwa wamemsahau, kama watu wanavyomsahau mgonjwa wanayemgombania.

"Anakufa?" aliuliza.

Mwajabu hakuwahi kumdanganya mdogo wake, ukiacha mambo ya wachumba. "Asipoingia sasa hivi, ndiyo."

"Na mimi nikikihitaji chumba?"

"Kitakuwa na mtu."

Sikudhani alifumba macho. Uchungu ulikuja, ukamkunja, ukapita. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na katika mabishano yale waliokuwa wakiujua walikuwa yeye na yule wa mlangoni. Alipofumbua macho alikuwa na hofu ile ile ya utotoni, tena wazi usoni, wala hakuificha. "Mpe, Shangazi," alisema.

"Mwanangu, nikiuachia—"

"Nimesema mpe! Naogopa, lakini mpe!"

Wa Tatu alimgeukia Mwajabu. "Nikiuachia sitakuwapo. Uliniambia."

"Nilikwambia."

"Yote haya hayatakumbukwa na Shangazi yeyote." Hakuwa analalamika. Alikuwa anahakikisha, kama mtu anayesoma karatasi kabla ya kutia sahihi. "Na hapa atashikwa na nani?"

Mwajabu alinyoosha mkono wake. Ulikuwa baridi ukilinganisha na ule wa mpira. Wa Tatu aliuchukua mkono wa Sikudhani akauweka ndani yake, akaufunga vidole kimoja kimoja. Kisha akainama sikioni kwa Sikudhani akamwambia jambo. Lilichukua pumzi mbili tatu. Sikudhani alitikisa kichwa kukubali, huku analia, na alipotikisa mara ya pili macho ya kiwiliwili yalikuwa yamezimika.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguka. Walisikia magurudumu ya kitanda yakiingia, na sauti ya Daktari Hiza ikitaka damu.

Mapigo ya mtoto wa Sikudhani yalishuka mara moja tena, muda ule chumba kikiwa na mtu. Mwajabu hataisahau namba aliyoiona kwenye kioo mpaka anaingia kaburini. Hakuwa mkunga, alikuwa fundi wa programu. Alichoweza kufanya ni kumgeuza mdogo wake ubavu wa pili kama alivyoona wamefanya, na kumshika, na kumwambia maneno ambayo hakujua kama ni ya kweli. Mapigo yakapanda. Shangazi wa Pili, aliyekuwa amemaliza na mzazi wake, akaja mbio kupokea. Mtoto wa kike alitoka akiwa na rangi ya zambarau na hasira nyingi, akapiga kelele iliyomfanya Mwajabu akae chini sakafuni bila kupanga.

Wa Nakiete alikuwa wa kiume. Daktari Hiza alitoka mwenyewe kumwambia Mwajabu kwamba mama na mtoto wamepona. Alisimama kidogo, akivuavua glovu zake.

"Ungechelewa kidogo tu, ningekushtaki," alisema.

"Ungekuwa na haki, Daktari."

"Hm." Akatazama kiwiliwili cha kitanda cha tatu, kilichokuwa kimeinamisha kichwa. "Muunganishe mwenzako. Tutafikiri upya."

*

Jua lilikuwa halijazama Mwajabu alipowaunganisha. Nyuzi saba ziliandika shinani, na Shangazi akawa mmoja tena. Alianza kuwapitia wazazi kitanda hadi kitanda, na kwa kila mmoja alikuwa na jambo la kuendeleza: wimbo, ugomvi, jina lililokuwa linabishaniwa. Kwa Nakiete, aliyekuwa bado amelewa dawa, alilaani kwa Kipare, na Nakiete akakohoa kicheko akishika mshono.

Kitanda cha tatu alikiacha mwisho. Mwajabu alikuwa pale, amekaa pembeni mwa miguu ya mdogo wake. Macho ya kiwiliwili yaliwaka taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeingia nyumba yenye watu asiowajua.

"Hongera, Sikudhani," Shangazi alisema. "Naona umepata mwenzako."

Sikudhani alimtazama usoni kwa muda, akitafuta. Kisha akaacha kutafuta. "Huna habari."

"Sina. Nina asubuhi saba. Hapa pako namjua mtoto alivyotoka tu, kabla ya hapo pana tundu." Toka kitanda cha saba mtu aliita, naye, ambaye hakuwahi kuitwa akakawia, hakuondoka. "Mwajabu amenieleza alichokifanya. Hakunieleza alikuwa mtu gani. Nataka kujua, kama hutaona uzito. Alikuwaje?"

"Muoga," Sikudhani alisema, akacheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hajakimaliza. "Wallahi alikuwa muoga kuliko mimi. Kila saa ananiuliza kama naogopa, kumbe anaogopa yeye."

"Na yale aliyokuambia mwisho?"

"Hayo ni yangu."

"Haya. Yabaki yako."

Sikudhani alimsogeza mtoto upande mmoja, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Aliuchukua mkono wa mpira, akauweka juu ya godoro kando yake, akaanza kumsimulia Shangazi tangu asubuhi, taratibu, bila kuruka kitu, kama mtu anavyosimuliwa msiba wa ndugu aliyefia mbali. Mwajabu aliinuka kwenda kumsikiliza yule aliyekuwa anaita kitanda cha saba.